Kona ya Soni na Pamba ya Ghazali

Katika umeme wa magari, kitu kilichokufa kabisa hakinipi taabu. Waya uliokatika unabaki umekatika: ukipima asubuhi hakuna moto, ukipima mchana hakuna moto, na kabla ya adhuhuri umeshajua ulipo. Kinachoninyima usingizi ni kile kinachokata na kurudi. Lori linazima taa mlimani usiku, dereva anasimama, anashuka, anapanda tena, taa zinawaka, na likifika kwangu Korogwe asubuhi ni zima kila upande. Hapo naulizwa swali ambalo si la ufundi peke yake. Nitatafutaje sababu ya jambo ambalo kwa sasa halipo? Na nina haki gani ya kuamini kwamba sababu ipo?

Swali hili lilinifikia chuoni kabla sijashika spana. Sisi tuliosomeshwa katika itikadi ya Imamu Ashari na fikihi ya Imamu Shafi tulifundishwa tungali wadogo kwamba kisu hakikati kwa tabia yake, chakula hakishibishi kwa nguvu yake, na moto hauunguzi wenyewe. Mungu ndiye anayeumba mkato pale kisu kinapopita, na shibe pale chakula kinapoliwa, na ameweka desturi ya kuviandamanisha. Mtoto huyakariri hayo na kwenda kucheza. Mimi yalinirudia miaka mingi baadaye, nikiwa nimelala chali chini ya chesisi, mita kifuani.

Imamu Ghazali, mzaliwa wa Tus aliyefariki mwaka 1111, aliliandika jambo hilo kwa makali yote katika Tahafut al-Falasifa, kwenye mas'ala ya 17. Mfano wake ni pamba na moto. Tunaona pamba inakutana na moto, tunaona inaungua. Macho yameona mambo mawili yaliyoandamana. Hayakuona kitu cha tatu kinachoyaunganisha. Kuungua kumetokea pamoja na moto, na jicho halina ushahidi kwamba kumetokea kwa nguvu ya moto. Mskoti David Hume alifika papo hapo kwa njia nyingine mwaka 1748, bila kumweka Mungu katika nafasi iliyobaki wazi. Nimezisoma hoja zote mbili kwa upole wa mtu anayekula kwa jasho la kutafuta sababu, na nakiri kwamba sijaona mahali pa kuzivunja. Lakini lori moja lilinifanya nizisome upya.

Lilikuwa la Kijapani, la tani 10, la miaka ya 1980, lenye kabini inayopinduliwa mbele ili injini ionekane. Lilikuwa likipandisha mbolea na saruji Lushoto, na kushusha kabichi, karoti na viazi hadi Dar es Salaam. Injini zile za dizeli za zamani, zenye pampu ya chuma tupu, zikishawaka hazihitaji umeme. Kwa hiyo moto ukikata, lori halisimami. Linaendelea kuteremka gizani na mzigo wake wote, injini ikinguruma vizuri, na dereva haoni ukingo wa barabara. Waliopita njia ya Mombo hadi Lushoto, hizo kilometa 33 za kuzunguka mlima, wanajua upande mmoja kuna ukuta wa mwamba na upande wa pili kuna bonde. Ndani ya kabini huwa wamekaa wenye mzigo, mara nyingi kina mama wanaouza mboga. Juu ya turubai amelala utingo. Siwezi kulizungumza suala la sababu kana kwamba watu hao hawamo.

Umeme ulikuwa ukikata kwenye kona moja chini ya Soni, usiku, wakati wa kushuka. Wakati wa kupanda, kamwe. Taa zinakuwa nyekundu kwanza, mishale ya dashibodi inacheza, kisha kabini nzima inakufa. Dereva alikuwa na desturi yake: anakanyaga breki mpaka asimame, anashuka, anagonga kisanduku cha betri kwa spana, anasema Bismillahi, anasoma dua, anapanda. Taa zinawaka. Watu wa maeneo yale walimwambia mahali pale pana wenyewe. Tajiri wake hakutaka kusikia hilo, akalipeleka lori kwa mafundi. Wa kwanza alibadilisha betri, gari likapona kwa wiki kadhaa. Wa pili akabadilisha altaneta, likapona tena. Wa tatu akabadilisha swichi ya taa na kupitisha waya wa moja kwa moja bila fyuzi, jambo la hatari kuliko ugonjwa wenyewe, na likapona kwa mara nyingine. Nataka ieleweke kwamba hapakuwa na mwongo hata mmoja kati yao. Kila mtu alikuwa ameona jambo likiandamana na jambo: betri mpya na taa, altaneta mpya na taa, dua na taa, kona na giza. Ghazali angewatazama wote na kusema ndicho alichokuwa akikieleza.

Lilipoletwa kwangu sikufungua nati. Niliuliza. Dereva alinieleza yote, na tajiri akaongeza gharama zake. Utingo alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tairi, hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu tangu ugonjwa uanze.

"Zinapokata unakuwa wapi?" nikamwuliza.

"Juu ya turubai, fundi."

"Unaona nini?"

"Mbele giza tupu. Nyuma ukuta wa mlima mwekundu."

"Wekundu wa nini?"

"Wa taa zetu za nyuma, fundi. Zenyewe hazizimi."

Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko betri mbili na altaneta. Taa za nyuma za lori lile hupata moto kupitia swichi ile ile na sanduku lile lile la fyuzi lililo ndani ya kabini. Kama zinawaka, basi betri ni nzima, swichi ni nzima, na moto unafika kabini. Tofauti imebaki moja, nayo ni njia ya kurudi. Taa za nyuma zimefungwa erthi kwenye chesisi. Taa za mbele na dashibodi zimefungwa erthi kwenye bati la kabini. Kabini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachounganisha bati la kabini na chesisi ni utepe mmoja wa nyaya nyembamba za shaba zilizosukwa, umekazwa nyuma ya kabini, mahali ambapo matope hufika na jicho halifiki.

Wanazuoni wa hadithi wana adabu ninayoipenda: humpima msimulizi kwa ukweli wake na hifadhi yake, na huuliza kama kweli alikuwapo alipodai kuwapo. Mali yake na cheo chake havimo katika mizani. Katika gereji zetu tunafanya kinyume. Tunamsikiliza mwenye gari, kisha dereva, na aliyekuwa amelala juu ya mzigo akitazama nyuma tunamtuma maji. Ninaona hilo ni kosa la elimu kabla halijawa kosa la tabia, kwa sababu ushahidi unapotea hapo.

Nikaanza kupima. Betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kupata 24. Niliweka mita kati ya kichwa chanya cha betri na bati la kabini, taa zikiwa zimezimwa, nikapata volti 25 na kidogo, kama inavyotakiwa. Hapa ndipo wengi huishia, na mita haikuwadanganya. Mita ya kisasa inavuta umeme mdogo mno. Utepe ukibakiwa na uzi mmoja tu wa shaba, uzi huo unatosha kuitosheleza mita, nayo itasoma kama utepe ni mzima. Ohm alilieleza hilo mwaka 1827: volti inayopotea njiani hutegemea upinzani wa njia na wingi wa umeme unaopita. Pasipopita kitu, hakuna kinachopotea, na njia mbovu inafanana na njia nzuri. Kwa hiyo kitu lazima ukiulize kikiwa kimebeba mzigo. Nikawasha taa kubwa, waipa na feni, nikahamisha mita kati ya hasi ya betri na bati la kabini. Ikasoma sehemu ndogo ya volti. Bado nzuri. Nikamwambia utingo aweke ubao chini ya kabini kwa nyuma na kuinyanyua taratibu, kama breki inavyoinyanyua mteremkoni. Mita ikaruka ikapita volti 15. Taa zikawa nyekundu, mishale ikacheza, kabini ikafa. Akaachia, zikawaka. Akanyanyua, zikazima.

Utepe tulipoutoa, nyaya zake nyingi zilikuwa zimekatika na zilizobaki zilikuwa na kutu ya kijani, na pale gari linapobeba mbolea za amonia hilo halishangazi, kwa maana shaba na amonia havipatani. Na kulikuwa na jambo jingine lililokuwa wazi muda wote. Kebo ya eksileta ilikuwa imewahi kubadilishwa kwa kuwa mpira wake uliyeyuka. Umeme ulipokosa utepe ulitafuta njia nyingine ya kurudi, ukapita kwenye kebo ile nyembamba na kuipasha moto. Ndiyo maana taa zilikuwa nyekundu kwanza kabla ya kuzima. Walioibadilisha kebo waliona mpira ulioyeyuka na wakanunua mwingine.

Sasa turudi kwa mafundi watatu. Wote, kila mmoja kwa haja yake, walipindua kabini mbele na kuirudisha. Kabini ikipinduliwa, utepe unajipanga upya, nyuzi chache zinagusana tena, na gari linapona kwa majuma. Uponyaji ulitoka mikononi mwao kweli, ila haukutoka kwenye kile walichokiuza. Dereva naye, aliposimama, kabini ilikaa vizuri juu ya mipira yake na utepe ukalegea. Na wale waliosema kona ile ina jambo, ilikuwa nalo. Mteremko mkali, breki nzito na mpindo mmoja mbaya vilikutana pale na si kwingine.

Katika usuli wa fikihi tunatofautisha sababu, sharti na kizuizi. Kuingia wakati ni sababu ya sala kuwajibika. Udhu ni sharti la kusihi kwake. Hedhi ni kizuizi. Sharti likikosekana jambo halipo, lakini sharti kuwapo hakulazimishi jambo liwepo. Elimu hiyo niliichukua chuoni kwa ajili ya ibada, na sijui chombo kinachonifaa zaidi gereji. Utepe uliooza ulikuwa sababu. Kona na breki vilikuwa sharti. Kupanda mlima kulikuwa kizuizi, kwa kuwa kabini inaegemea nyuma na utepe hauvutwi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka karibu kila mara ni hivyo: sababu ipo mchana na usiku, ila inangoja masharti yake. Anayesema gari limepona kwa kuwa haoni dalili amechukua kukosekana kwa sharti akakuita kukosekana kwa sababu.

Niliyapeleka haya kwa Maalim wangu, ambaye hutusomesha Ijumaa baada ya Alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo.

"Mwanangu, dereva aliona dua ikiandamana na taa. Wewe umeona utepe ukiandamana na taa. Umemzidi nini?"

Nilijibu kwanza kwa kifundi. Dereva alipokuwa akisimama, vitu vingi vilibadilika kwa pamoja: mwendo, mkao wa kabini, joto, muda, spana, dua. Mimi niliacha vyote vikiwa vimetulia nikasogeza kimoja. Nikakileta nikakiondoa, na giza likaja na kuondoka nacho. Maalim akasema hayo ni maandamano yaliyochujwa, na ni mazuri, lakini bado ni maandamano. Nikakubali. Hakuna ubao wala mita iliyonionyesha ulazima ulioko kati ya shaba na nuru.

Kisha nikamkumbusha mfano ambao Ghazali mwenyewe aliuleta katika mas'ala yale yale, na ambao watu wanaupita wakikimbilia pamba. Ni mfano wa mtu aliyezaliwa akiwa na utando machoni, hajawahi kuona. Siku moja mchana utando unaondolewa, anafumbua macho, anaona rangi. Atadhani kilicholeta kuona ni kufumbuka kwa macho yake, maana hicho ndicho anachokijua. Jua linapozama na dunia kuwa giza, macho yakiwa wazi vile vile, hapo ndipo anapojua kwamba kulikuwa na nuru ya jua, na kwamba bila hiyo asingeona kitu.

Ghazali aliuleta mfano huo ili kutuonya kwamba nyuma ya sababu tunazozijua huenda kuna nyingine tusizozijua, kwa sababu tu hazijawahi kuzama. Mimi nausoma na kuona humo kazi yangu yote. Utepe ule ulifanya kazi tangu miaka ya 1980 na hakuna aliyejua kwamba upo. Dereva aliamini swichi yake, tajiri aliamini betri zake, kwa kuwa hivyo huonekana na hununuliwa. Kile kisichokatika hakijulikani. Moto ulipokata kwenye kona ndipo kilichokuwa kikiwabeba miaka yote kilipopata jina. Kwa maana hiyo sioni tena kwamba hitilafu inayokuja na kuondoka ni kuyumba kwa desturi ya Mungu. Desturi haikuyumba hata sekunde moja pale Soni. Kila mara utepe ulipotengana taa zilizima, na kila mara ulipogusana ziliwaka. Kilichoyumba kilikuwa hesabu yetu, iliyokuwa na vitu vichache kuliko vilivyokuwapo.

Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu Ghazali kwa kitabu kizima, na hoja yake kubwa ni kwamba anayeziondoa sababu ameiondoa akili, kwa kuwa akili kazi yake ni kuzijua sababu. Namheshimu kwa jibu hilo, na nadhani si bahati kwamba lilitoka kwa mtu aliyekuwa kadhi na tabibu, mtu ambaye akikosea sababu kuna mwingine anayeumia. Lakini naona hakumjibu Ghazali aliyeandika juu ya kipofu. Ghazali hakusema acha kutafuta. Kuna pingamizi alilijadili yeye mwenyewe: kama hakuna ulazima, basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani akubali kwamba huenda kimegeuka mnyama. Akajibu kwamba Mungu ameumba ndani yetu elimu kwamba hayo, japo yanawezekana, hayafanyiki.

Jibu hilo nilipokuwa kijana niliona ni la kukwepa. Sasa ninalitegemea kila siku. Lori likiletwa likiwa zima, mita inasema zima, taa zinawaka, ni nini kinachonifanya nilale chini yake na kutafuta? Si ushahidi; ushahidi wote wa saa ile unasema nikanywe chai. Nashuka kwa sababu nina yakini kwamba taa hazizimi bure, kwamba giza la jana lilikuwa na kilicholileta, na kwamba kilicholileta hakikuondoka kwa kuwa kumekucha. Yakini hiyo sikuipata kwa kupima. Vipimo vyangu vyote vinaanzia juu yake. Fundi asiyesali anayo pia, na huenda haiiti kwa jina lolote. Mimi naiita kwa jina nililofundishwa, na naona kwamba anayesema "Mungu amependa" kabla ya kupima amemnyima Mungu desturi yake, akamwachia vitendo vya mara moja moja kwenye kona za giza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kutafuta sababu ni upungufu wa kutawakali. Dereva alikuwa na imani kuliko mimi, sina shaka na hilo. Lakini kina mama waliokuwa ndani ya kabini walikuwa na haki juu ya utepe ule, na haki ya mja haifutwi na dua ya mja mwingine. Sikumwambia aache kusoma. Nilimwambia asome Soni juu, kabla ya kuanza kuteremka, mikono ikiwa kwenye usukani, na breki azipime mapema.

Nilimfungia tepe mbili mpya, moja nyuma na moja mbele, nikasugua bati kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi juu ya nati, nikarudisha fyuzi mahali pake. Kabla ya kumwachia niliurudisha ule utepe wa zamani peke yake, tukanyanyua kabini kwa ubao mbele ya tajiri, taa zikafa akiona kwa macho yake. Nikafunga zile mpya, tukanyanyua tena kwa nguvu zaidi, zikabaki zinawaka. Naona hicho ndicho kiasi cha ujuzi ambacho mtu anaweza kumkabidhi mwenzake kwa dhamana, na tajiri alikilipia bila kubishana.

Maalim anashikilia kwamba hata hapo sikuona ulazima. Ninakubaliana naye, na ninashikilia kwamba yule dereva na mimi hatukuwa sawa. Amenitaka nilieleze hilo vizuri zaidi mbele ya darasa Ijumaa ijayo, na utepe wenyewe niende nao.